Afundishwe, Asitishwe

Muungwana aliyechapisha rai ya kuwa mtoto alishwaye kwa mrija haijuzu kupewa chakula kilichosagwa nyumbani, bali maziwa ya kiwandani peke yake, ametaja hatari tatu, nazo ni kuziba kwa mrija, vijidudu na upungufu wa virutubisho. Hatari hizo ni za kweli, walakini hukumu aliyoijenga juu yazo si ya adili.

Mrija mwembamba upitao puani huziba upesi, na ule ufikao utumbo mdogo haufai kwa chakula hiki; lakini mrija wa tumboni wa namba 14 au zaidi hupitisha, kwa bomba la sindano, wali, kuku, karoti na mafuta, vikiisha kusagwa na kuchujwa hata isibaki chembe. Vijidudu huzuiwa kwa usafi na jokofu, na upungufu huzuiwa na mtaalamu wa lishe apimaye mlo na uzito wa mtoto.

Tena ushahidi upo. Mwaka 2011 matabibu wa hospitali ya watoto ya Cincinnati, Marekani, walitoa habari za watoto 33 waliokuwa wakikokomoka baada ya upasuaji wa kuzuia chakula kisirudi kooni: walipopewa chakula kilichosagwa, zaidi ya nusu yao walipata nafuu ya asilimia 76 hadi 100.

Basi mzazi atakaye kumlisha mwanawe kile kile walacho jamaa zake afundishwe, asitishwe. Kwani aliyekatazwa hupika kwa siri, na siri humwondolea mtoto jicho la tabibu, ambalo ndilo kinga yake.