Muhuri Mahali Pake ni Karatasini

Siku chache zilizopita, nikikatiza katika soko la mitumba la Kongowea, Mombasa, niliona imetundikwa fulana nyeupe yenye milia miwili ya samawati, na baina ya milia hiyo nyota nne nyekundu zimepangana kama shanga uzini. Nikamwuliza mchuuzi kama aijua alama ile, naye bila ya kusita akanijibu kuwa ni ya timu ya mpira ya Ulaya, tena timu kubwa, na kwa hivyo bei haipungui. Sikumsahihisha, maadamu kosa lake lilikuwa ni sifa kwa aliyeichora, kwani ile ni bendera ya mji wa Chicago, Marekani, na ni bendera chache za miji duniani zivaliwazo kwa mapenzi na watu wasioajiriwa na halmashauri.

Mwaka 1915, meya William Hale Thompson aliunda tume ya kuutafutia mji huo bendera, na shughuli ya kutunga kanuni za mashindano akakabidhiwa Wallace Rice, mtu wa kalamu na mjuzi wa ilimu ya bendera. Michoro ikamiminika, zaidi ya elfu moja, na baada ya kupekuliwa yote ikaonekana kuwa uliostahiki kushinda ni wake Rice mwenyewe. Msomaji mwenye dhana atauliza ni insafu gani hiyo, mtunga kanuni kuibuka mshindi, na mimi sina hoja ya kumtetea ila moja tu, nayo ni bendera yenyewe, iliyopitishwa na baraza la mji mwaka 1917. Nafasi tatu nyeupe ni pande tatu za mji, kaskazini, magharibi na kusini. Milia ya samawati ni maji, yaani Ziwa Michigan, matawi ya mto wa mji huo na mfereji wake. Na nyota zake zina ncha sita, kwa kuwa zile za ncha tano zilikwisha kujaa katika bendera za madola.

Hizo nyota ndizo zinishangazazo. Zilianza mbili tu, moja ya moto mkubwa ulioteketeza mji mwaka 1871, na ya pili ya maonyesho ya ulimwengu ya mwaka 1893. Mwaka 1933, yalipofanyika maonyesho mengine, ikaongezwa ya tatu, na mwaka 1939 ikaongezwa ya nne, kwa ajili ya ngome ya Dearborn iliyoutangulia mji, nayo, kwa kuwa ndiyo ya kale kuliko zote, ikawekwa mwanzo karibu na mlingoti. Waama, ni watu wangapi ambao msiba uliowachomea nyumba zao wangeutia nyota, wakautweka juu wautazame kila siku? Leo hii bendera hiyo watu hujichora chale mwilini, na askari wa zimamoto afapo kazini hufunikiwa nayo jeneza lake.

Mji wa Pocatello, katika jimbo la Idaho, ulikuwa na hadithi nyingine. Bendera yake ya zamani ilikuwa kitambaa cheupe chenye maneno ya kujisifu, na kando yake, laiti ningekuwa natania, alama ya biashara na ilani ya haki miliki, kana kwamba ni kopo la maziwa. Na mwaka 2004, wapenzi wa bendera wa Amerika ya Kaskazini walipozipima bendera za miji 150 ya Marekani, Chicago ikawa ya pili, nyuma ya Washington, na Pocatello ikawa ya 150. Wenyeji waliona haya, wakaunda tume, na mwaka 2017 wakapata bendera mpya yenye vilele vitatu vya milima, isiyo na neno hata moja.

Sisi watu wa pwani hatukuhitaji kufunzwa na wageni kwamba bendera haiandikwi maneno, kwani nahodha aliye mbali na bandari haisomi bendera, huitambua kwa rangi. Na fauka ya hayo kitambaa kina pande mbili, na maandishi yakitazamwa kwa nyuma huwa kinyume. Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 inaiamuru kila kaunti ya Kenya iwe na bendera, nembo na muhuri: vitu vitatu, kila kimoja na jina lake na kazi yake. Muhuri mahali pake ni karatasini, na nembo ni mlangoni mwa ofisi. Kuvibandika viwili hivyo katikati ya bendera ni kuifanya barua ya serikali ipepee.

Basi, waheshimiwa wa mabunge ya kaunti, siku mtakapoletewa mchoro wa bendera muupitishe, mwiteni kwanza mtoto wa darasa la tatu, mwonyesheni mchoro huo mara moja, kisha uficheni, mumpe kipande cha mkaa na ukuta. Akishindwa kuuchora, mrudishieni fundi kazi yake.