Padi Ipi Inayokaa Mkononi? Hukumu ya Soko la Burma

Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Methali hii inafaa shambani, lakini haifai hata kidogo katika mabanda ya michezo ya televisheni yaliyoenea katika mitaa ya mashariki ya Nairobi. Huko kijana akipewa jembe bovu, yaani ile ala ya kushika kwa mikono miwili ambayo wenyewe huiita padi, hana mavuno. Na kwa kuwa katika baadhi ya mabanda desturi ni mshinde kulipa, ubovu wa ala humtoa pesa mfukoni. Kwa hivyo ubishi wa vijana wetu, kuwa baina ya padi ya Sony na padi ya Microsoft ni ipi iliyo bora, si upuuzi wa kitoto kama tunavyodhania sisi watu wazima. Ni ubishi wa ala na kazi yake, na zaidi ya hayo ni ubishi wa haki.

Mimi nimekwenda kuusikiliza katika Soko la Burma, karibu na Barabara ya Jogoo. Jina la soko hili ni ukumbusho wa Vita Vikuu vya Pili, wakati vijana wa Afrika Mashariki walipopelekwa na jeshi la King's African Rifles kupigana na Wajapani katika misitu ya Burma. Kama vile Kariokor ilivyopata jina lake kwa Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa vita vya kwanza. Leo wajukuu wa watu hao wamekaa kwenye benchi, wanashika ala iliyobuniwa na Mjapani, na wanateteana kwa ajili yake kama watetea shamba la urithi. Dunia ina vituko.

Burma ni soko la nyama. Ukipita asubuhi utawaona wachinjaji, kila mmoja na kisu chake. Kisu hicho haazimi mtu, kwa sababu mpini wake umekwisha kuzoea kiganja cha mwenyewe. Sisi tuliopitia chuoni twalijua jambo hili: kalamu ya mwanzi iliyochongwa kwa mkono wa mtu, mwingine akiiandikia, herufi zake hupinda. Basi padi nayo imebuniwa kwa mawazo ya namna hiyo. Imekusudiwa mtu mmoja, au mtu na nduguye, katika sebule yao. Lakini bandani ala hiyo moja hushikwa na mikono mingi tangu asubuhi hadi usiku. Hapo ndipo hukumu za wataalamu wa Ulaya na Marekani zinapoanza kupwaya.

ASILI YA UMBO

Tuanze na asili. Mwaka 1982, katika kampuni ya Nintendo, fundi aliyeitwa Gunpei Yokoi alibuni kitufe chenye umbo la alama ya kujumlisha, ambacho kidole gumba kimoja kinaweza kukisukuma juu, chini, kulia na kushoto. Mwaka uliofuata kitufe hicho kiliingia katika mtambo wa nyumbani wa Nintendo, kwenye padi ya umbo la kijisanduku chenye kona zilizochoma viganja. Mwaka 1990 Nintendo hao hao waliziviringa ncha, wakatia vitufe vinne upande wa kulia, na viwili vingine mabegani kwa vidole vya shahada.

Sony walipotoa PlayStation mwaka 1994, mbunifu wao Teiyu Goto aliongeza jambo moja kubwa: mipini miwili iliyoteremka chini, ili viganja vipate cha kukumbatia. Tangu hapo padi haikushikwa tena kwa ncha za vidole kama sahani ya moto. Ilishikwa kwa kiganja kizima. Mwaka 1997 wakaongeza vijiti viwili vya kusukuma kwa vidole gumba, pamoja na mtetemeko, wakaiita DualShock. Umbo hilo ndilo lililokuja na PlayStation 2 mwaka 2000, mtambo uliouzwa zaidi ya milioni 150 duniani, na ndilo lililofundisha vidole vya mitaa yetu.

Microsoft waliingia mwaka 2001 na Xbox. Padi yao ya kwanza ilikuwa kubwa mno, watu wakaifanyia mzaha wakaiita Duke. Kwa soko la Japani walilazimika kutengeneza iliyo ndogo zaidi, na hiyo ndogo ndiyo iliyokuja kuwa ya wote. Walijifunza. Walipotengeneza padi ya mwaka 2020, wabunifu wao walieleza kuwa wameipunguza kidogo ili hata mikono iliyo kama ya mtoto wa miaka minane iweze kuienea.

KIDOLE GUMBA CHA KUSHOTO

Ama tofauti kubwa ya padi hizi mbili iko kwenye kijiti cha kushoto. Sony wamekiweka chini, sambamba na cha kulia. Sababu yake ni ya kihistoria: padi ya 1994 haikuwa na vijiti, na vilipokuja vilitiwa pale palipobaki nafasi. Microsoft wamekiweka kijiti cha kushoto juu, mahali ambapo kidole gumba huangukia chenyewe mtu akishika mpini.

Sasa, mchezo unaotawala bandani ni kandanda: ule wa kampuni ya EA, ulioitwa FIFA hadi mwaka 2023 na sasa huitwa EA Sports FC. Katika kandanda kijiti cha kushoto ndiyo miguu ya mchezaji. Kidole gumba hakikiachi tangu kipenga cha kwanza hadi cha mwisho. Kwa hesabu ya mifupa na mishipa, basi, nafasi ya Microsoft ndiyo ya raha zaidi kwa mchezo huu, kwani kidole hakijikunji. Nilipolisema hili bandani kijana mmoja alinijibu kwa adabu, "Mzee, mimi nimeshika ya Sony tangu darasa la tatu. Hiyo nyingine inaninyima bao." Ni kweli pia. Mazoea yana taabu, na raha ya mkono nusu yake ni maumbile na nusu yake ni mazoea.

Kwa uzito, padi ya PlayStation 4, iliyotoka mwaka 2013, ina kama gramu 210. Ya PlayStation 5, iitwayo DualSense, iliyotoka mwaka 2020, ina kama gramu 280, na mipini yake ni minene zaidi. Mtu mzima atashukuru, kwa sababu kiganja kimejaa. Vifyatuo vyake vya nyuma vinaweza kukaza au kulegea kwa amri ya mchezo, na ngozi yake imetiwa vialama vidogo mno ili isiteleze. Lakini pale Burma, ambapo kijana hutoka kula nyama ya kuchoma akaingia moja kwa moja kucheza, vialama hivyo hukusanya mafuta na vumbi. Mwenye banda huvisugua kwa mswaki. Kila kilichoongezwa kwa ajili ya raha ni kitu kimoja zaidi cha kusafisha, na kimoja zaidi cha kuharibika.

ISHARA ZINAZOGOMBANA

Jambo la pili ni ishara. Goto hakutaka herufi; alitia pembetatu, duara, mkato wa X na mraba. Alieleza kuwa duara na X ni ndiyo na la, kwa kuwa Wajapani husahihisha hivyo: duara ni sawa, X ni kosa. Mitambo ilipofika nchi za magharibi mambo yakapinduliwa, X ikawa ndiyo ya kukubali. Mwaka 2020, kwa PlayStation 5, Wajapani wenyewe wakaletewa desturi ya wageni. Ukiwa umesoma hesabu za Kiarabu utacheka zaidi, kwani duara lile kwetu si ndiyo wala si la, ni tano.

Microsoft wametia A, B, X na Y. Mpira ukiwa mguuni, kwa padi ya Sony kitufe cha X hutoa pasi fupi, nacho kiko chini. Kwa padi ya Microsoft X iko kushoto, nayo hupiga krosi. Kwa hiyo mwenzako akikupigia kelele nyuma ya benchi, "Bonyeza X!", ni lazima kwanza ujue umeshika lugha ya nani. Nimemwona kijana hodari aliyehamia padi ya pili akitoa krosi tatu zisizo na mpokeaji, wenziwe wakiangua kicheko. Hakusahau kandanda. Alikuwa anasoma kitabu kile kile kwa hati nyingine.

MKONO WA MIA

Lakini mwenye banda hapimi raha ya kiganja. Yeye hupima siku. Na ugonjwa unaozimaliza siku za padi ni mmoja, ule ambao vijana husema, "Analogi inavuta." Ndani ya kijiti mna utando mwembamba wa kaboni, na juu yake hukwaruza ulimi wa chuma unaoueleza mtambo kidole kimesukuma wapi. Utando ukilika, mchezaji kwenye kioo huanza kutembea peke yake bila ya kuguswa. Katika jambo hili hakuna kampuni ya kujigamba. Sony na Microsoft wote wametumia ufundi huo, na Nintendo nao. Malalamiko ya wateja yalizidi hata mwaka 2020 rais wa Nintendo akaomba radhi hadharani.

La kusikitisha ni kuwa dawa ilikuwapo zamani. Padi ya Dreamcast ya kampuni ya Sega, iliyotoka mwaka 1998, ilipima mwendo wa kijiti kwa sumaku, bila ya kitu kukwaruzana na kitu. Kisichosuguana hakiliki. Sony wameleta padi ambayo kijiti chake kinachomolewa na kubadilishwa, iitwayo DualSense Edge, ya mwaka 2023. Lakini bei yake ilipotoka ilikuwa karibu dola 200 za Marekani, kiasi ambacho mwenye banda anaweza kununulia padi mbili za kawaida na chenji ikabaki.

Ama umeme, padi za Sony tangu PlayStation 3 zina betri iliyofungiwa ndani, na ikichoka lazima fundi afungue. Microsoft wameendelea na betri ndogo za dukani, zile za tochi, ambazo hata mtoto anaweza kuzibadilisha. Sebuleni mtu ataona hilo ni jambo la kizamani. Bandani ni busara. Hata hivyo mabanda mengi niliyoyaona huchezesha kwa waya, ili padi isizimike katikati ya mechi na pia isitoke nje ndani ya koti la mtu. Na stima ikipotea, betri iliyojaa haina faida, kwani televisheni nayo imelala.

Kuna na hili ambalo halisemwi sana. Padi ya PlayStation 4 haichezi michezo ya PlayStation 5; mwenye banda anayepanda daraja lazima anunue padi upya. Padi ya Xbox One hufanya kazi katika mtambo mpya wa Microsoft bila ya ubishi. Kwa hesabu ya mfuko, hapa Microsoft wameshinda wazi. Mbona basi bandani ni Sony tupu? Ni kwa sababu Sony ndiye aliyetangulia, na fundi wa mtaani ameifungua padi yake mara nyingi hata anajua kila skrubu. Kijiti hung'olewa, kipya kikalehemiwa, na kazi ikaendelea. Ala inayojulikana na fundi wa jirani ni bora kuliko ala nzuri isiyo na tabibu.

HAKI YA MCHEZO

Sasa nirudi kwenye haki. Mchezo wa bao twaujua: kete ni zile zile kwa wote wawili, na mbao ni mmoja. Bandani kuna padi mbili, na aghalabu moja ni nzima na moja inavuta. Wenyeji wanaijua, mgeni haijui. Mgeni akishindwa, alipe yeye mechi nzima. Tumefundishwa tangu utotoni kwamba mwenye bidhaa yenye aibu huidhihirisha aibu hiyo kabla ya kupokea pesa, na akiificha ni ghushi. Kukodisha padi kwa mechi ni biashara kama biashara nyingine. Na hiyo desturi ya mshinde kulipa, wanavyuoni wengi huiona ni sura ya kamari, hata kama pesa zenyewe ni chache.

Dawa yake si kuyafunga mabanda. Mwenye banda atoze kila mchezaji nusu yake, ashinde ashindwe. Padi inayovuta itiwe alama ya utepe, na ikodishwe kwa bei ya chini au ipelekwe kwa fundi. Wachezaji nao wabadilishane padi kipindi cha pili, kama timu zinavyobadilishana magoli. Banda moja nililolikuta pale Burma linafanya hivyo tayari, na wateja wake hawagombani.

Ukiniuliza hukumu yangu, nitasema hivi: kwa mkono wa mtu mmoja nyumbani, mwenye kuanza leo, padi ya Microsoft imekaa vizuri zaidi. Kwa mkono wa mia, pale Burma, padi bora ni ile ambayo fundi anaweza kuifungua, na ambayo mwenyewe haoni haya kukuambia ina kasoro gani. Wazazi mnaotuma pesa kwa watoto wenu walioko Nairobi, waulizeni siku moja wanachezea banda gani, na mshinde analipa vipi.