"Ni uzee tu": nani kasema?

Jamani, leo nina hasira. Wiki iliyopita bibi yangu kateleza uani, kaanguka, kavunjika mkono. Hospitali wakampiga picha, wakamfunga plasta. Nikauliza: kuteleza kidogo hivi kunavunjaje mfupa? Daktari, huku akimwita mgonjwa mwingine, akajibu: "Ni uzee tu."

Hapana, daktari. Mvi ndiyo uzee. Bibi kuvunjika kwa kuanguka tu alipokuwa amesimama ni dalili ya ugonjwa: osteoporosisi, udhaifu wa mifupa. Mwanamke akishakoma hedhi, homoni ya estrojeni hupungua, mfupa ukaanza kubomoka haraka kuliko unavyojengwa. Hauumi. Kwa wengi, siku unapovunjika ndiyo taarifa ya kwanza. Na aliyevunjika mara moja yuko kwenye hatari kubwa zaidi ya kuvunjika tena, safari hii pengine nyonga. Bibi karudishwa nyumbani bila kuambiwa hata neno moja kati ya haya.

Shirika la Afya Duniani lilitoa kigezo cha kuupima ugonjwa huu mwaka 1994. Dawa zipo. Mashine ya kipimo hakuna? Sawa, lakini kumuuliza mama kama amewahi kuvunjika, au kama kimo chake kimepungua, kunahitaji mashine gani?

Na sisi waandishi tusijitoe. Kila Oktoba 20 ni siku ya ugonjwa huu duniani, na mimi sikuwahi kuandika hata mstari. Nimesubiri mpaka bibi kaanguka. Wewe usimsubiri wako.