Mchezo wa simu unaomfanya mchezaji kuwa mkosaji

Mwaka 2011, Molleindustria ya Italia ilitoa Phone Story, mchezo wa video wa kuchezwa kwenye simu. Hatua ya kwanza iko Congo: mchezaji mwenyewe anatumia askari wenye silaha kulazimisha watoto wachimbe coltan. Kiasi kinachotakiwa kisipofikiwa, anashindwa. Muda mfupi baadaye, Apple iliuondoa kwenye duka lake.

Picha zake ni za kawaida tu. Nguvu yake iko kwenye kidole: filamu inatuonyesha ubaya, mchezo huu unatufanya tuutende. Hapo ndipo mchezo unakuwa sanaa.

Lakini watoto wale ni wetu, na aliyesimulia ni mgeni. Vijana wa Goma na Bukavu mnaojua kompyuta, sasa ni zamu yenu.