Bugali, sombe na juisi ya marakuja

Bugali wa muhogo, sombe na juisi ya marakuja husifiwa Bujumbura kuwa vyakula vya asili, na kwa hiyo salama. Sifa hiyo ina ukweli nusu tu. Vyote hutoka shambani na neema yake, lakini kati ya shamba na sahani kuna kazi, na kazi hiyo ikirukwa au ikizidishwa chakula hubadilika.

Muhogo ndio wa kutazamwa zaidi. Mizizi na majani yake yana linamarini, ambayo mmea ukikatwa au kutwangwa hukutana na kimeng'enya chake na kutoa sianidi. Mihogo michungu, inayopendwa na wakulima kwa kuwa wanyama waharibifu na wezi huikwepa, ina sumu nyingi zaidi, na ukame huiongeza. Kumenya, kuloweka siku tatu au nne hadi mzizi ulainike, kisha kuanika mpaka ukauke kabisa, huondoa sehemu kubwa ya sumu hiyo. Kina mama wa uwanda wa Imbo wameirithishana kazi hii vizazi na vizazi. Anayenunua unga katika soko la Ruvumera, hata hivyo, hana namna ya kujua mzizi ulilala majini siku ngapi.

Kinachotokea kazi hiyo inaporukwa kinajulikana katika ukanda huu. Septemba 2017, wilayani Kasese, Uganda, watu 98 walipata sumu ya sianidi baada ya kula unga wa muhogo, baadhi yao wakiwa msibani, na wawili wakafariki. Mwaka 1985, Tarime, kaskazini mwa Tanzania, ukame ulileta mlipuko wa konzo, ugonjwa unaopooza miguu ghafla na usiopona. Daktari Trolli alikuwa ameueleza tangu 1938 huko Kwango, Kongo. Konzo huwapata hasa watoto na wanawake wanaokula muhogo mchungu wiki baada ya wiki bila maharagwe wala samaki, kwa sababu mwili huivunja sianidi kwa kutumia salfa inayotoka kwenye protini.

Protini ndiyo pengo la pili la bugali. Unga wa muhogo ni wanga karibu mtupu: hushibisha, lakini haujengi mwili wa mtoto. Katika utafiti wa kitaifa wa afya wa 2016–2017, asilimia 56 ya watoto wa Burundi walio chini ya miaka mitano walikuwa wamedumaa. Muhogo peke yake hauwezi kulaumiwa kwa idadi hiyo, lakini sahani ya bugali isiyo na samaki wa ndagala wala maharagwe ina mchango wake.

Kiwango cha kimataifa kinaruhusu miligramu 10 za sianidi kwa kilo ya unga. Unga unaouzwa kwa magunia mjini unastahili kupimwa kabla haujafika sokoni, na ofisi ya viwango ya Burundi ipo kwa kazi za aina hiyo. Nyumbani kuna njia rahisi, iliyobuniwa na Howard Bradbury wa Australia: unga huchanganywa na maji, hutandazwa mwembamba na kuachwa saa mbili juani au tano kivulini, gesi itoke, kisha hupikwa siku hiyohiyo.

Sombe, yaani majani ya muhogo, hufuata kanuni ileile: kutwanga kwanza, kuchemsha baadaye, na kwa muda mrefu. Majani yakichemshwa mazima, moto huua kimeng'enya kabla hakijafanya kazi. Madhara mengine ya sombe hutoka kwenye viungo. Mawese ya Rumonge, yakiwa bado mekundu, yana karotini ambayo mwili huigeuza vitamini A. Yakiunguzwa mpaka yapauke, karotini hupotea na mafuta mazito, karibu nusu ya mawese yote, hubaki. Karanga zilizoota ukungu hubeba sumukuvu isiyoondoka kwa kupikwa. Sumu hiyo, ikiwa kwenye mahindi, iliua watu 125 mashariki mwa Kenya mwaka 2004. Vidonge vya mchuzi kama Maggi navyo ni chumvi kwa karibu nusu au zaidi. Sufuria ikitiwa vidonge vitatu kisha ikaongezwa chumvi, kila mlaji huweza kuvuka gramu 5 kwa siku ambazo Shirika la Afya Duniani limemwekea mtu mzima, na shinikizo la damu halina dalili za kumwonya mlaji mapema.

Juisi ya marakuja haihitaji maelezo marefu. Ukali wa tunda hufunikwa kwa sukari, na glasi tamu hukaribia soda, ambayo katika chupa ya sentilita 33 ina takriban gramu 35 za sukari. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2015 unaihesabu hata sukari ya tunda lenyewe likishakamuliwa, na unashauri mtu mzima asivuke gramu 50 kwa siku, au bora zaidi 25. Marakuja yaliyokatwa na kuliwa kwa kijiko, pamoja na mbegu zake, yana nyuzinyuzi ambazo chujio huziondoa, na wachache huyatia sukari.