Sindano ya gripe isifuate cheo



Mwezi wa sita hauko mbali. Hapa Kolwezi na Likasi baridi ya asubuhi tunaijua: bisi ya kazi inajaa, madirisha yanafungwa, mtu mmoja anakohoa, na kisha juma moja ekipi nzima inakohoa. Tunasema "ni mafua tu". Mafua ya kawaida yanapita. Lakini gripe ya kweli inaangusha mtu kwa ghafula: homa kali, viungo vyote vinauma, nguvu inaisha. (Malaria nayo inaanza hivyo hivyo, kwa hiyo kwanza tupime damu.) Kijana mwenye afya anapona. Mwenye mapafu yaliyokwisha kuliwa na vumbi la mawe anaweza kufa.

Chanjo iko. Ila haiko kati ya chanjo za bure za watoto wetu ku PEV. Inanunuliwa. Na kitu cha kununua, tunajua nani anakipata kwanza. Mu kampuni moja tuliona sindano zinafika kwa wageni na ba-cadres wa ofisi, wenye kupanda gari peke yao. Mwenye kutoboa mawe hakuulizwa. Wa sous-traitance, yeye hata jina lake halikuwa ku liste.

Sisi wa sendika tunasema: sindano ifuate hatari, isifuate cheo. OMS imekwisha kutaja watu wa kwanza: waganga na wauguzi, mama mwenye mimba, wazee, watoto wa miezi 6 mpaka miaka 5, na wenye ugonjwa wa kudumu kama sukari, moyo, pumu ao mapafu. Hatukuona mahali wameandika "cadre". Na mama mwenye mimba akichanjwa, analinda na mtoto wake, juu mtoto wa chini ya miezi 6 hawezi kupata chanjo hii.

Kampuni itajibu: bibi na watoto si kazi yetu. Code du travail ya 2002 inasema mwajiri atunze mfanyakazi pamoja na jamaa yake wakigonjwa. Haitaji gripe kwa jina, ni kweli. Lakini kama unalipa kitanda cha hospitali, kwa nini unakataa sindano?

Kwetu pia kuna woga. Batu banasema sindano njo inaleta gripe. Hapana: virusi ya ndani ya sindano imekwisha kuuawa. Mkono utauma siku moja ao mbili, pengine homa kidogo. Haizuie gripe yote, na inarudiwa kila mwaka juu virusi inabadilika. Lakini inapunguza vifo. Na inaomba karibu majuma 2 mbele ya kukinga mwili, kwa hiyo tusingoje mpaka baridi ifike.

Ba-délégués, pelekeni mambo matatu ku komite ya usalama na afya. Liste ifanywe na muganga, si na ofisi ya wafanyakazi, na wa sous-traitance wawe ndani. Sindano iwe ya bure, bila kukata mushahara, na bila kulazimisha mtu. Na mwenye homa apumzike nyumbani bila kupoteza prime yake; leo anapanda bisi na ugonjwa wake juu anaogopa njaa ya watoto.

Vumbi tunakula wote. Kinga nayo tuipate wote.