Kitabu Kisichochafuka

Kila ninapotaja maktaba ya watoto wadogo hapa Likasi, Katanga, jibu huja upesi, tena kutoka kwa watu waliosoma: “Batoto batapasula bitabu. Kwanza bajue kusoma.” Husemwa kwa nia njema. Lakini imani hii inawaumiza watoto wetu, na nitaipinga hadharani.

Niliwahi kuonyeshwa vitabu vya shule moja ya mji huu. Vilikuwa ndani ya kabati la chuma, na ufunguo alikuwa nao mkuu wa shule peke yake. Kurasa zilikuwa bado zimeshikana, na picha hazikuwa na alama hata ya kidole kimoja. Alivionyesha kwa fahari. Mimi niliingiwa na huzuni, maana watoto ambao vitabu hivyo viliandikiwa walikuwa wamekwisha kukua na kuondoka.

Kosa la kwanza ni kudhani kwamba maktaba huanza na kusoma. Huanza na desturi. Mtoto wa miaka minne hajui herufi, lakini anaweza kunawa mikono, kuchagua kitabu kwa picha ya jalada, kufunua ukurasa kwa pembe, na kukirudisha kwenye rafu yenye rangi ileile iliyobandikwa mgongoni mwake. Anaweza kusimama mbele ya meza akaona jina lake likiandikwa daftarini, akaelewa kwamba siku ya kurudisha ikifika, mtoto mwingine anakingojea. Mambo hayo si mageni kwake. Mama akimtuma kuazima kinu kwa jirani, anajua kwamba kinu hurudi kimeoshwa. Bombani anajua beseni ya nani iko mbele. Kuazima anakujua tayari. Anachokosa ni kitabu.

Kosa la pili ni zito zaidi: kudhani kwamba kufuli ndilo hulinda mali ya wote. Katika Kiswahili chetu cha Katanga, mali ya umma huitwa “ya Leta”, yaani ya Serikali, na masikioni mwetu neno hilo limekuwa na maana ya kitu kisicho na mwenyewe. Tumeona nyaya zikikatwa na vyuma vikibebwa usiku. Je, waliofanya hivyo walikuwa watoto wa miaka minne? Walikuwa watu wazima, na utotoni hawakupata kushika kitu kilicho changu leo, chako kesho, chetu siku zote. Maktaba hulifundisha jambo hilo bila hotuba. Kabati lenye kufuli hufundisha kwamba mali ya wote ni ya mwenye ufunguo. Wazee walisema udongo uwahi ungali maji. Sisi tunangoja ukauke, kisha tunaulaumu kwa kupasuka.

Kufuli hilo halikuanza na sisi. Enzi za Wabelgiji, mji huu ukiitwa Jadotville, Kongo ilikuwa na maktaba za Wazungu mbali, za wenyeji mbali. Hata Nairobi, nchini Kenya, Maktaba ya McMillan ilifunguliwa mwaka 1931, na kwa miaka mingi Mwafrika hakuruhusiwa kuingia kusoma. Leo shirika la Book Bunk, lililoanzishwa mwaka 2017, limekarabati matawi ya maktaba hiyo ya Kaloleni na Makadara, na watoto wa mitaa hiyo wana mahali pao. Kule Garissa, nchini humohumo, mwaka 1996 ngamia walianza kuwapelekea vitabu watoto wa wafugaji. Ikiwa kitabu kimeweza kuvuka nyika juu ya ngamia, kwetu hakiwezi kutoka kabatini?

Wengine husema vitabu ni vya Kifaransa. Lakini Kiswahili ni mojawapo ya lugha nne za taifa letu, na Dar es Salaam na Nairobi huchapa vitabu vya watoto. Isitoshe, mwaka 1965 André Yav aliandika historia ya Elisabethville, Lubumbashi ya leo, kwa Kiswahili cha Katanga. Lugha yetu inajua kuandikwa.

Na ndiyo, vitabu vingine vitachanika. Nguo za mtoto pia huchanika, wala hatumwachi uchi mpaka akue. Tutanunua gundi.

Tangu elimu ya msingi ilipotangazwa kuwa bila malipo mwaka 2019, madarasa yamefurika, na mtoto anaweza kumaliza mwaka bila kushika kitabu cha hadithi. Kwa hiyo nawaomba wakuu wa shule, mapadri, wachungaji na wazazi wa Kikula, Panda, Shituru na Likasi kati: tandikeni mkeka, wekeni sanduku la vitabu, daftari moja na mtu mzima mmoja mwenye subira, alasiri moja kila juma.

Na kitabu cha kwanza kitakaporudi na pembe iliyokunjika, msimkemee mtoto. Amekirudisha. Hilo ndilo somo, naye amekwisha kulishika.